Bukini si mbali: jibu kwa dada anayehamia Toamasina

Swali: "Mume wangu amepata kazi ya miaka miwili katika bandari ya Toamasina, Madagaska, na mwezi wa tano tunahamia huko na watoto wawili. Sisi ni watu wa Tanga. Kila ninayemuuliza ananipa jibu lake: mmoja anasema wale ni Waafrika kama sisi, mwingine anasema ni watu wa Asia, wa tatu anajua wanyama wa kwenye katuni tu. Naomba unieleze nchi ikoje, watu wakoje, na je, Kiswahili changu kitanifaa?"

Jibu:

Dada yangu, wote watatu wamekwambia nusu ya kweli, hata huyo wa katuni. Ila mtu wa Tanga hana haja ya kuanza na katuni. Bibi zetu waliijua nchi hiyo kwa jina la Bukini, na Unguja mpaka leo kuna ngoma ya kibuki, ya mashetani waliovuka maji kutoka huko, ambao wakishapanda kichwani huagiza brandi. Nchi iliyotuletea mpaka mashetani yake si nchi ya mbali.

Nianze na ukubwa, maana neno "kisiwa" litakudanganya. Ukisikia kisiwa unawaza Pemba, unazunguka kwa gari na kurudi kabla ya magharibi. Madagaska ni kisiwa cha nne kwa ukubwa duniani, baada ya Greenland, New Guinea na Borneo. Ina kilomita za mraba 587,000 hivi, yaani inaizidi Kenya kidogo, na toka ncha ya kaskazini hadi ya kusini ni kama kilomita 1,600. Sensa ya 2018 ilihesabu watu milioni 25.7, na sasa wanakadiriwa kufika milioni 30 au zaidi. Msumbiji iko ng'ambo ya mlango wa bahari wenye kilomita 400 hivi pale panapokaribiana. Saa yao ni yetu, hutagusa mshale.

Sasa hilo la Afrika au Asia. Nimefundisha historia ya Bahari ya Hindi kwa miaka mingi, na njia fupi ninayoijua ni kumsikiliza Mmalagasi akihesabu mifugo yake. Ng'ombe anamwita omby. Kondoo ni ondry, mbuzi ni osy, kuku ni akoho, kanga ni akanga, punda ni ampondra. Herufi o kwao husomwa u, kwa hiyo omby hutamkwa "umbi", na sikio lako litamnasa ng'ombe hapohapo. Maneno hayo yalivuka kutoka upande wetu, na wanyama wenyewe pamoja nayo. Halafu mwambie mtu huyohuyo atazame juu na chini. Mbingu ni lanitra, mwezi ni volana, jiwe ni vato, mtoto ni anaka. Mtu wa Indonesia hapo anasikia langit, bulan, batu, anak. Mwaka 1951 mtaalamu wa lugha wa Norway, Otto Dahl, alionyesha kuwa ndugu wa karibu kabisa wa Kimalagasi ni Kimaanyan, lugha ya kusini-mashariki mwa Borneo. Kutoka huko hadi Bukini ni zaidi ya kilomita 7,000 za maji matupu.

Mababu wa Wamalagasi walivuka kutoka huko kiasi cha miaka 1,500 iliyopita au pungufu, na wataalamu wengi wanaamini kuwa hata ngalawa ya wavuvi wenu wa Tanga, ile yenye matengo pande mbili, ina asili kwa mabaharia hao. Kisiwani wakakutana na watu wa bara letu, wakaoana. Utakapofika utaona uso wa Kimalei kwenye duka moja na uso wa Mtwara kwenye duka la pili, na wenye maduka hayo ni binamu. Mchele wa mashariki, ng'ombe wa Afrika: mengine yote ya nchi hiyo utayaona yamejengwa juu ya viwili hivyo.

Waarabu na Waswahili nao waliacha alama. Bandari ya Mahilaka, kaskazini-magharibi, ilifanya biashara na pwani yetu tangu kama karne ya 10, na kule kusini-mashariki Waantemoro walikuwa wakiandika Kimalagasi kwa herufi za Kiarabu, maandishi yaitwayo sorabe, muda mrefu kabla ya mmisionari wa kwanza. Faida yake kwako ni siku za wiki: Talata, Alarobia, Alakamisy, Zoma, Asabotsy, Alahady, Alatsinainy. Angalia usichanganye. Talata ni Jumanne yetu na Alahady ni Jumapili, lakini ukishaizoea hesabu hiyo utajua siku za minada hata kwa majina ya miji, maana miji mingi imeitwa kwa siku ya soko lake.

Ujirani wenyewe haukuwa wa asali tupu. Ukiwahi kufika kisiwa cha Juani, Mafia, umeona magofu ya Kua. Wenyeji husimulia kuwa mji ule uliangamizwa na Wasakalava waliotoka Bukini kwa mitumbwi mapema karne ya 19, wakachukua watu utumwani. Na utumwa ulikwenda pia kwa njia nyingine: Wamakua walinunuliwa Msumbiji wakauzwa magharibi mwa kisiwa, na wajukuu zao wapo, wanaitwa Makoa. Mwaka 1877 serikali ya malkia wa Madagaska iliwatangazia uhuru wale waliotoka Msumbiji, lakini utumwa wote ulifutwa 1896 tu.

Ndege itakushusha Ivato, nje ya Antananarivo. Toa sweta za watoto sandukuni kabla ya kupanda ndege, usije ukasema sikukwambia. Mji uko mita 1,280 hivi juu ya bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti asubuhi ni baridi ya Lushoto. Jina lake maana yake ni mji wa elfu, yaani askari elfu waliowekwa kuulinda. Nyumba ni ndefu nyembamba za matofali mekundu, zimepandana mlimani kwa ngazi za mawe, na chini yake mashamba ya mpunga yanaingia mpaka katikati ya mji, bata wakiogelea mbele ya ofisi.

Hapo ndipo ufalme wa Wamerina ulipokulia. Mfalme Andrianampoinimerina, aliyetawala tangu 1787 hadi 1810, anakumbukwa kwa kusema kuwa bahari ndiyo mpaka wa shamba lake la mpunga. Sijui namna bora ya kutangaza vita. Mwanawe, Radama wa Kwanza, alifika baharini mwaka 1817, na baharini penyewe ni Toamasina yako. Hadithi inasema alichota maji kwa kiganja, akaonja, akasema "toa masina", yana chumvi, na jina likabaki. Kina Radama ndio walioleta shule za Waingereza na maandishi ya herufi za Kilatini. Baada yake alikuja mkewe, Ranavalona wa Kwanza, aliyetawala hadi 1861 kwa mkono wa chuma. Huyu ndiye ambaye Seyyid Said wa Zanzibar alimpelekea posa mwaka 1833, akitaka na askari wa kumsaidia dhidi ya Mombasa. Malkia alikataa ndoa. Nafurahi kila ninapoisimulia habari hii darasani, maana wanafunzi wetu hudhani Said hakuwahi kukataliwa kitu.

Wafaransa waliteremsha jeshi Mahajanga, bandari ya kaskazini-magharibi, mwaka 1895. Askari wao waliouawa vitani hawakufika mia. Waliokufa kwa homa walikuwa maelfu. Hata hivyo mji mkuu uliangukia mikononi mwao, nchi ikafanywa koloni 1896, na malkia wa mwisho, Ranavalona wa Tatu, akapelekwa uhamishoni, akafia Algiers mwaka 1917. Wazee wa keya nao waliwahi kukanyaga huko: mwaka 1942, Waingereza walipokitwaa kisiwa kutoka kwa serikali ya Ufaransa iliyokuwa upande wa Hitler, brigedi ya KAR yenye askari wa Kenya, Tanganyika na Nyasa ilishuka Mahajanga na kupigana kuelekea bara. Uliza ukooni kwenu, huenda yupo aliyepigana.

Kutoka Antananarivo hadi Toamasina ni kilomita 350 hivi za Barabara ya Taifa namba 2. Usihesabu kwa kilomita. Ni siku nzima nyuma ya malori, kona juu ya kona, maana karibu kila kinachoingia nchini kinapanda mlima huo kutoka bandari ya mumeo. Njiani utaona magunia ya mkaa yamepangwa kando ya barabara kama kwetu, na milima iliyochanika udongo mwekundu. Msitu wa mashariki umeliwa na mkaa pamoja na tavy, kilimo cha kufyeka na kuchoma kwa ajili ya mpunga wa mlimani.

Mtapita Moramanga. Teremkeni hapo mnyooshe miguu, na mkumbuke tarehe 29 Machi 1947. Usiku huo wananchi walishambulia kambi ya jeshi mjini hapo, na uasi ukaenea upande wote wa mashariki. Wafaransa waliuzima kwa ukatili. Mjini hapohapo wafungwa waliokuwa wamefungiwa ndani ya mabehewa ya treni walimiminiwa risasi. Takwimu za wakoloni wenyewe zilianza na vifo 89,000, baadaye zikateremshwa hadi kiasi cha 11,000, na ubishi huo haujaisha. Tarehe 29 Machi ni sikukuu ya taifa. Majirani zako wa Toamasina ni watu wa upande huo uliopigwa, kwa hiyo siku hiyo usiwashe muziki.

Mbele kidogo ya Moramanga ni Andasibe, na hapo wape watoto katuni yao. Mnyama wa kutafuta ni babakoto, mkubwa kuliko lemuri wote walio hai (lemuri ni wanyama wa jamii ya komba), mweusi kwa mweupe, asiye na mkia wa maana. Alfajiri analia mlio mrefu wa huzuni unaosikika mbali sana msituni, mwingine anamjibu. Aina za lemuri zinapita 100. Kisiwa kilitengana na Afrika kiasi cha miaka milioni 165 iliyopita, kikatengana na India miaka milioni 88 hivi iliyopita, kwa hiyo viumbe vyake vikaenda njia yao: hakuna simba, hakuna tembo, hakuna nyani, na nyoka wapo lakini hakuna swila wala koboko. Karibu nusu ya aina zote za vinyonga duniani ziko huko. Kaskazini-magharibi lemuri mweusi anaitwa akomba, na kisiwa anachoishi ni Nosy Komba. Mswahili hahitaji mkalimani hapo.

Kisha mnateremka, joto linapanda, mnaona migomba, milichi na karafuu zimeanikwa kwenye majamvi. Harufu ni ya Pemba kabisa. Toamasina ni mji wa Wabetsimisaraka, bandari kuu ya nchi, wenye barabara pana, bajaji (nao wanaziita hivyohivyo) na baiskeli za kubeba abiria. Mvua ni nyingi kupita unavyodhani, zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka, wala haingoji masika. Vimbunga ndivyo jambo la kuchukulia kwa uzito. Msimu ni Novemba hadi Aprili, na mwaka 1927 kimoja kiliubomoa karibu mji mzima. Vizuri mnafika Mei. Mkitafuta nyumba, msitazame sebule, tazameni paa limefungwaje na maji ya mvua yanaelekea wapi.

Bandarini mumeo ataona vanila ikipakiwa, na hilo ni jambo la kumwonyesha mtoto anayependa sayansi. Madagaska hutoa sehemu kubwa kabisa ya vanila ya dunia, nyingi ikitoka kaskazini-mashariki, Sambava na Antalaha. Lakini mmea wenyewe ni wa Mexico, na wadudu wa kuuchavusha walibaki huko. Ua hufunguka asubuhi moja, likinyauka halina kazi tena. Kwa hiyo mkulima anapita ua kwa ua na kijiti, anainua kiwambo kidogo ndani na kukandamiza chavua kwa kidole gumba. Ujanja huo ulivumbuliwa na Edmond Albius, mtumwa wa miaka 12, kisiwani Réunion mwaka 1841. Bei ikipanda, wezi huingia mashambani usiku, na wakulima wengine huchoma alama zao kwa sindano kwenye maganda mabichi, kama unavyomtia ng'ombe chapa. Pamoja na utajiri huo, na nikeli ya mgodi wa Ambatovy inayosafishwa hapohapo Toamasina, wengi wa wananchi ni maskini wa kutupwa. Mkulima wa vanila mara nyingi hajawahi kuionja.

Magharibi na kusini nitapita haraka, maana pengine hutafika mwaka wa kwanza. Magharibi ni nchi ya Wasakalava na mibuyu. Kati ya aina nane za mbuyu duniani, sita ni za huko tu, na ile iliyopangana kando ya njia karibu na Morondava ndiyo ya kwenye picha. Kusini kabisa ni ukame na miiba, na njaa inayorudi mara kwa mara, waiitayo kere.

Siasa utaisikia siku ya kwanza, basi uijue. Uhuru ulipatikana tarehe 26 Juni 1960 chini ya Philibert Tsiranana. Tangu 1972 serikali zimeangushwa zaidi ya mara moja kwa maandamano ya mjini yakiungwa mkono na jeshi. Andry Rajoelina aliingia hivyo mwaka 2009, na alitoka hivyohivyo: Septemba 2025 vijana waliingia barabarani kwa sababu ya kukatika maji na umeme, kikosi cha jeshi kilekile kilichomsaidia 2009 kikawaunga mkono, akaondoka nchini, na tarehe 17 Oktoba Kanali Michael Randrianirina akaapishwa. Ondoeni wasiwasi, lakini nunueni pipa la maji na taa za kuchaji.

Sokoni kuna mitego miwili. Fedha yao ni ariary, jina litokanalo na riali, na imegawanywa mafungu matano, si mia. Faranga ya zamani ilikuwa ndiyo hilo fungu la tano, na wazee na wauza mboga wengi bado wanataja bei kwa faranga. Ukitajiwa nyanya kwa bei ya kukuzimisha, gawa kwa tano kabla hujagomba. Mtego wa pili ni kipimo. Mchele hauuzwi kwa kibaba bali kwa kapoaka, kopo la maziwa ya kopo. Makopo matatu na nusu ni kama kilo. Mwangalie muuzaji anavyosawazisha juu kwa kiganja: mwenye roho nzuri anaacha kichuguu.

Mchele wanakula asubuhi, mchana na usiku, na anayesema hajala ana maana hajala wali, hata kama ameshiba mihogo. Jambo litakalokufurahisha ni ukoko. Hawaukwangui wakatupa, wala hawagombanii kama watoto wetu. Wanauacha sufuriani, unaungua kidogo, wanamimina maji, yanachemka, na maji hayo ya rangi ya chai, ranovola, ndicho kinywaji cha mezani. Yana ladha ya moshi na nafaka, na yameshachemshwa, kwa hiyo ni salama kuliko ya bomba.

Na vaa kanga zako bila haya. Wanayo ya kwao, lambahoany, ina pindo, ina mji katikati na ina jina limeandikwa chini, methali au fumbo, na wanawake wanarushiana maneno kwayo vilevile. Peleka doti kadhaa za zawadi. Utapata shoga kabla ya kupata fundi bomba.

Kiswahili kitakufaa kidogo. Toamasina kazi ni Kimalagasi na Kifaransa, na usimsemeshe mtu Kiswahili kwa kumtazama rangi. Kaskazini na magharibi ndiko wanakosalimiana "salama", na Mahajanga ndiko waliko Wangazija. Walikuwa wengi zaidi, mpaka Desemba 1976 walipouawa mamia kwa mamia katika ghasia za mjini na maelfu wakarudishwa Komoro. Waliorudi wanaitwa Wasabena hadi leo, kwa jina la shirika la ndege lililowabeba. Ukikutana na bibi wa Kingazija msikitini, usimuulize habari hizo, mwache akianza mwenyewe.

Usiniulize kuhusu famadihana, pale Wamerina wanapowatoa marehemu makaburini na kuwavisha sanda mpya kwa ngoma na vicheko. Hiyo ni ya nyanda za juu, wakati wa baridi. Ukialikwa ni heshima kubwa, nenda na zawadi ndogo ya fedha. Linalokuhusu kila siku ni fady, miiko. Kila ukoo una yake na kila mahali pana yake: hapa hunyooshei kaburi kidole, pale huogi siku fulani, ukoo ule hauli mbuzi. Uliza kwanza, hakuna atakayekucheka.

Na fady hiyohiyo ndiyo itakayokuokoa mezani. Kisamvu wanakipenda kama sisi, wanakitwanga, wanakiita ravitoto, ila wanakipika na nguruwe. Ukianza kueleza dini utaonekana unatoa hotuba. Sema tu "fadiko ny kisoa", nguruwe ni mwiko wangu. Mwenye nyumba atatikisa kichwa, ataondoa bakuli bila swali la pili, na huenda akakwambia kuwa hata kwa upande wa mama yake nguruwe haliwi.